Tupime presha, tusipime ndoa

Msomaji mmoja wa safu hii, mama wa watoto watatu anayeishi Morogoro, ameniandikia kuuliza jambo ambalo naulizwa kila mwaka kwa namna tofautitofauti. Alikwenda zahanati kuomba sindano ya uzazi wa mpango. Hakupimwa presha. Hakuulizwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini wala kama bado ananyonyesha. Aliulizwa mume yuko wapi. Mume ni dereva wa malori na wiki hiyo alikuwa njiani kwenda Tunduma. Akaambiwa arudi naye. Anachotaka kujua ni kimoja: je, hiyo ni sheria?

Jibu fupi ni hapana. Tangu mwongozo wa taifa wa huduma za uzazi wa mpango wa mwaka 1994, idhini ya mume si sharti la kupata huduma hiyo katika nchi yetu. Mwongozo huohuo uliondoa pia masharti ya umri, ya kuwa na ndoa na ya idadi ya watoto. Kwa hiyo aliyemrudisha mama huyu nyumbani hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini maswali haya hayaishi, na nimeanza kuamini kwamba hayataisha mpaka tuelewe yanatoka wapi. Kwa nini mtumishi wa afya, ambaye hakuambiwa na mtu yeyote aulize habari za mume, anaona ni wajibu wake kuuliza? Nadhani sababu ni kwamba dawa na vifaa vya kupanga uzazi, karibu kila mahali duniani, viliruhusiwa kwa sharti kwamba ufunguo ukae kwa daktari. Na daktari akishapewa ufunguo, hujiona ana haki ya kumuuliza anayebisha hodi mambo ambayo hayahusiani na ugonjwa wala dawa.

Nchi ambayo jambo hili linaonekana vizuri zaidi ni Ireland, kwa sababu kule liliandikwa kwenye sheria, kwa wino mweusi. Ni kisiwa cha jirani na Uingereza, na si wageni kwetu. Wasomaji wa Singida wanaijua Hospitali ya Makiungu, iliyojengwa na masista wa shirika lililoanzishwa mwaka 1937 na Marie Martin, mwanamke wa Ireland. Watu wengi wa mkoa ule wamezaliwa mikononi mwa masista hao. Nchi yao wenyewe, miaka hiyo, ilikuwa na sheria kali kuliko nyingi za Ulaya kuhusu uzazi wa mpango.

Mwaka 1929 sheria ya udhibiti wa machapisho ilipiga marufuku vitabu na majarida yaliyotetea kuzuia mimba. Mwaka 1935 ikaja sheria nyingine ya makosa ya jinai, na kifungu chake cha 17 kikakataza kuuza, kutangaza na kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Angalieni jinsi kilivyoandikwa. Kutumia hakukuwa kosa. Mke na mume wangeweza kutumia chochote walichotaka chumbani mwao, ila tu hawakuwa na mahali pa kukinunua.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vikaja vidonge. Vidonge hivi vina sifa ambayo kondomu haina: pamoja na kuzuia mimba, vinapanga hedhi iliyovurugika na kupunguza damu nyingi na maumivu. Basi vikaingia Ireland kwa jina la dawa ya kurekebisha hedhi, na madaktari wakaviandika. Ilifika mahali watu wakatania kwamba hakuna wanawake duniani wenye hedhi iliyovurugika kama wale wa Ireland. Kila mtu alijua kinachoendelea: daktari, mfamasia, na mara nyingi padri pia.

Wapo wanaosema mlango huo wa uani ulikuwa hekima, kwamba sheria ilikaa pale ilipo na watu wakaishi. Siungani nao, na sababu yangu ni ya kitabibu. Mlango ule ulipitika kwa mwanamke ambaye mwili wake unaruhusu kumeza vidonge, anayemjua daktari mwenye moyo mwepesi, na mwenye pesa ya kumlipa. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo alibaki nje. Na aliyebaki nje kuliko wote ndiye aliyekuwa mgonjwa kuliko wote.

Mary McGee aliishi Skerries, mji wa pwani kaskazini ya Dublin. Mumewe Seamus alikuwa mvuvi, na familia ilikuwa ikikaa kwenye nyumba ya magurudumu. Ndani ya miaka michache ya ndoa alipata watoto wanne, wawili wa mwisho wakiwa mapacha. Kila ujauzito ulikuja na presha kupanda na matatizo yake. Katika ujauzito wa pili damu iliganda kwenye mshipa wa ubongo. Akapooza upande mmoja kwa muda na nusura afe. Daktari wake, James Loughran, alimweleza bila kuficha kwamba mimba nyingine inaweza kumuua.

Sasa, mwanamke aliyewahi kupata kiharusi hapewi vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango. Vidonge hivyo vina homoni ya estrojeni, ambayo huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Ni kanuni tunayoifuata mpaka leo. Kwa hiyo njia moja iliyokuwa imeachwa wazi kwa ujanja, ile ya "kurekebisha hedhi", ndiyo hasa ambayo kwake ilikuwa sumu. Daktari akamchagulia kifaa salama: kiwambo, yaani kifuniko cha mpira kinachowekwa ukeni kuziba njia ya mbegu, pamoja na jeli ya kuua mbegu. Jeli haikupatikana nchini. Akaiagiza kwa posta kutoka Uingereza, na maofisa wa forodha wakaikamata.

Nimesoma habari za kesi hii mara kadhaa na huwa naishia kuwaza kuhusu kile kifurushi. Mwanamke amepooza akapona, ana watoto wanne wadogo, daktari ameandika kwa mkono wake kinachofaa, na serikali inamwandikia barua kwamba mali yake imezuiwa kwa mujibu wa sheria.

Alikwenda mahakamani. Alishindwa Mahakama Kuu, akakata rufaa, na tarehe 19 Desemba 1973 Mahakama ya Juu ya Ireland ikaamua, majaji wanne dhidi ya mmoja, kwamba Katiba inalinda faragha ya mke na mume katika kuamua kuhusu uzazi wao, na kwamba kifungu kilichomzuia kuagiza dawa yake ni batili. Mumewe alisimama naye mwanzo mpaka mwisho. Nalitaja hili kwa makusudi, maana kuna watu wakisikia mwanamke ana haki ya kuamua wanadhani lazima kuna mume aliyeshindwa. Pale Skerries hakuna mume aliyeshindwa. Kilichoshindwa ni kifungu cha 17.

Lakini hukumu ile ilikuwa na mipaka. Ilizungumzia watu wa ndoa. Ilizungumzia kuagiza kwa matumizi yako mwenyewe. Kuuza bado kulikuwa kosa. Marekani walipita njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1965 Mahakama Kuu yao ilifuta sheria ya jimbo la Connecticut iliyokataza kutumia vifaa vya kuzuia mimba, nayo ilifanya hivyo kwa jina la faragha ya wanandoa. Ikabidi wasubiri miaka saba, hadi 1972, ndipo ikatoka hukumu nyingine iliyowahusisha wasio na ndoa. Mahakama huona aibu kumtaja mwanamke asiyeolewa. Huanza na mke wa mtu, mama wa watoto, mgonjwa, mtu ambaye hakuna jirani atakayemsema vibaya. Wengine hufuata baadaye, kama wakifuata.

Bunge la Ireland lilipaswa sasa kutunga sheria mpya. Mwaka 1974 serikali ilipeleka muswada wa kuruhusu wanandoa kununua. Waziri Mkuu Liam Cosgrave akapiga kura kuupinga muswada wa serikali yake mwenyewe, na ukaanguka. Mpaka mwaka 1979 ndipo sheria ikapatikana, iliyoletwa na Waziri wa Afya Charles Haughey, ambaye aliiita ufumbuzi wa Ireland kwa tatizo la Ireland. Watu bado wanalikumbuka neno hilo, wengi kwa kicheko.

Sheria hiyo ilisema hivi: vifaa vya kuzuia mimba vitauzwa na mfamasia tu, kwa mtu mwenye cheti cha daktari, na daktari ataandika cheti akiridhika kwamba mtu huyo anavitaka kwa nia ya kweli ya kupanga uzazi, au kwa sababu za kutosha za kitabibu. Vifaa vyote. Kondomu pia.

Naomba msomaji atafakari kidogo kuhusu kondomu inayouzwa kwa cheti cha daktari. Mimi ni daktari, nimefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 15, na sijui ningempima nini mtu kabla ya kumwandikia kondomu. Presha? Sukari? Kondomu haina homoni, haiingii kwenye damu, haigombani na dawa nyingine. Mzio wa mpira upo, lakini mara nyingi mtu huugundua mwenyewe. Hakuna cha kupima. Kilichobaki kwa daktari ni kumtazama mtu usoni na kujiuliza kama ni mke au mume wa mtu. "Nia ya kweli" ilieleweka na wengi kuwa maana yake ni ndoa, ingawa sheria haikulitaja neno hilo. Yaani bunge lilishindwa kuamua nani anastahili, likakwepa, likamtupia daktari kazi ya kuamua, na kumvika koti jeupe ili ionekane ni suala la afya.

Baadhi ya madaktari walikataa kazi hiyo. Daktari Andrew Rynne wa Clane, katika jimbo la Kildare, alimuuzia mgonjwa wake kondomu 10 mwishoni mwa wiki, maduka ya dawa yakiwa yamefungwa. Kwa sheria ile daktari aliruhusiwa kuandika, si kuuza. Mwaka 1983 alitiwa hatiani na kutozwa faini ya pauni 500. Wengine waliikubali kazi kwa furaha kabisa. Sheria pia ilimruhusu mtu yeyote kukataa kushiriki kwa sababu ya dhamiri, kwa hiyo katika kijiji chenye daktari mmoja na mfamasia mmoja, dhamiri ya watu hao wawili ndiyo ilikuwa sheria ya kijiji.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1985 kondomu ziliruhusiwa bila cheti kwa wenye miaka 18 na kuendelea, kwa kura 83 dhidi ya 80, lakini ziuzwe sehemu maalumu tu. Chama cha uzazi wa mpango cha kule kilipofungua kibanda ndani ya duka la muziki la Virgin mjini Dublin kilishtakiwa, kikatozwa pauni 400, na kilipokata rufaa faini ikapandishwa hadi 500. Bendi ya U2 ikailipa. Ukimwi ulikuwa umeshaingia duniani na watu walikuwa wakifa, na bado mahakama ilikuwa na muda wa kusikiliza kesi ya kibanda. Mwaka 1992 na 1993 masharti mengi yaliondolewa. Septemba 2022 serikali ya Ireland ilianza kutoa huduma za uzazi wa mpango bure kwa wanawake wa miaka 17 hadi 25, ushauri wa daktari ukiwemo. Wajukuu wa kizazi cha Mary McGee wanapewa bure kile ambacho kwake kilikamatwa forodhani.

Hiyo ni nchi ambayo sheria ilikataza, kisha ikafungua kidogokidogo. Kwetu imekuwa kinyume chake. Chama cha UMATI kilianza kazi mwaka 1959, kabla hata ya Uhuru. Huduma zikaingizwa katika kliniki za mama na mtoto, mpango wa taifa ukafuata, na mwongozo wa 1994 nilioutaja ulikuwa mpana kuliko sheria nyingi za Ulaya za miaka ya nyuma yake. Kwenye karatasi tulitangulia. Dirishani ndipo tulipobaki. Utafiti kuhusu watoa huduma wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2000, ukitumia takwimu zilizokusanywa miaka miwili tu baada ya mwongozo ule, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na masharti yao wenyewe: huyu bado mdogo, huyu hajazaa, huyu hajaolewa, huyu hana idhini ya mume. Hakuna bunge lililowatuma. Walijitungia kifungu chao cha 17, kila mmoja kwenye chumba chake.

Nawafahamu watoa huduma hawa, ni wenzangu, na wengi wao si watu wabaya. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa huyo mume. Mume akija na hasira haendi wizarani, anakuja kwake. Kumwambia mke arudi na mume ni namna ya muuguzi kujikinga. Naielewa hofu hiyo, lakini sikubali kwamba mgonjwa ndiye ailipie. Kama muuguzi anahitaji ulinzi, na mimi naamini anauhitaji, basi mganga mkuu wa wilaya na serikali ya kijiji wampe. Tangazo ukutani linalosema kwamba mteja hahitaji idhini ya mtu mwingine lingemsaidia muuguzi kuliko linavyomsaidia mteja: angekuwa na kitu cha kumwonyesha huyo mume.

Maana gharama ya kumrudisha mama nyumbani si ya kubuni. Nimeona kadi za uzazi wa mpango zikihifadhiwa kwa jirani, kwa wifi, ndani ya debe la unga. Wanawake wengi huchagua sindano kwa sababu haiachi alama, hata pale ambapo njia nyingine ingewafaa zaidi. Mwingine akirudishwa leo, kurudi tena ni nauli nyingine, siku nyingine ya shamba au ya genge kupotea, na akirudi anakuta ana mimba ya wiki sita. Kama ni mtu aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au kisu mara tatu, hapo tena hatuzungumzii usumbufu. Tunazungumzia Mary McGee, ila huyu hana mahakama ya kwenda.

Sisemi kwamba daktari au muuguzi asiulize chochote. Yapo ya kuulizwa, na anayekupa dawa bila kuyauliza hakutendei haki hata kidogo. Ukienda kliniki, tegemea kupimwa presha. Ikiwa 140/90 au zaidi, vidonge vyenye estrojeni si chaguo zuri kwako. Ikifika 160/100, havifai kabisa. Uulizwe kama umewahi kupata kiharusi, damu kuganda mguuni, ugonjwa wa moyo, au kipandauso kinachoanza kwa macho kuona vimulimuli. Uulizwe kama unavuta sigara na kama umevuka miaka 35, kwa sababu vitu hivyo viwili pamoja na estrojeni havipatani. Uulizwe kama unanyonyesha na mtoto ana umri gani: vidonge vya kawaida haviruhusiwi wiki sita za kwanza na si vizuri kabla ya miezi sita, lakini kipandikizi unaweza kuwekewa. Uulizwe dawa unazotumia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi, na mtu asipouliza unaweza kupata mimba ukiwa na kijiti mkononi.

Uulizwe pia unataka mtoto mwingine lini. Hili halihusu maadili, linahusu dawa. Baada ya sindano ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua takriban miezi 10 kurudi, ukihesabu tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Ukitaka mtoto mwakani, ni vema ukajua mapema. Kipandikizi na kitanzi havina ucheleweshaji huo.

Na kuna suala la hedhi. Baadhi ya vituo humrudisha mwanamke mpaka aje akiwa anaona damu, ili kuhakikisha hana mimba. Si lazima. Ipo orodha fupi ya maswali inayotumika kimataifa kumwezesha mtoa huduma kujua, kwa uhakika wa kutosha, kwamba mtu hana mimba. Pale penye shaka kipo kipimo cha mkojo. Kumrudisha mtu asubiri damu ni kumpa wiki tatu za kupata mimba.

Katika orodha yote hii hakuna swali kuhusu mume. Halimo kwa sababu hakuna hali ya kitabibu iitwayo ndoa. Kama mama anataka kuja na mume, karibuni wote wawili, na wanaume wanaokuja huwa wanauliza maswali mazuri kuliko tunavyotegemea. Aje kama mwenza, kama Seamus. Asije kama sahihi.

Nimeacha la mwisho lililo gumu, nalo ni la wazazi. Najua wapo wanaosoma hapa wakisema, sawa daktari, lakini binti yangu wa miaka 16? Mimi nina binti pia, na ningependa angoje. Ningependa amalize shule, akue, ajue anachokitaka. Hayo namwambia nyumbani, na nawaombeni mwaambie wenu, mapema, kabla simu haijawaambia. Lakini kumwambia binti angoje ni kazi ya mzazi. Haiwezi kukabidhiwa dirisha la zahanati. Shirika la Afya Duniani linasema umri peke yake si sababu ya kitabibu ya kumnyima msichana njia yoyote ya kuzuia mimba. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Hao si wasichana waliopewa vidonge wakaharibika.

Na hapa sheria yetu yenyewe imejikanyaga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Lakini fikiria miaka yote hiyo kabla ya hukumu: msichana wa miaka 15 alihesabiwa mkubwa wa kutosha kuwa mke na kubeba mimba, na siku hiyohiyo, pale kliniki, mdogo mno kupewa kidonge. Kuna waliozaa mara mbili kabla ya kufikisha umri wa kupiga kura kwa sababu ya hesabu hiyo.

Kwa msomaji wa Morogoro, hatua ni hizi. Rudi kituoni, na ukiambiwa tena ulete mume, uliza kwa upole ni mwongozo gani unaosema hivyo na uombe uonyeshwe. Ukikosa jibu, omba kuonana na mganga mfawidhi wa kituo. Akikosekana, nenda ofisi ya mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri yako. Kliniki za UMATI nazo zipo katika baadhi ya miji. Ukiwa unasubiri, kondomu zinauzwa dukani, na hazihitaji cheti cha mtu yeyote. Na ukifika mezani mwa muuguzi, kabla hujapewa sindano, mwombe akupime presha.